Wimbo kauanza mshua nikaumalizia mimi, sasa nyumba nzima inadai mgao

BintiRidhimu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Najua humu mmezoea kuchambua wakubwa, nani kajaza nani kafulia, leo naleta ya mtu asiyejulikana yani mimi mwenyewe. Ni ndefu, chai iwe jirani.

Mi ni msanii wa kujitegemea, naandika nyimbo zangu naimba mwenyewe na gita napiga, sina lebo sina meneja, meneja ni simu yangu na bando la wiki. Nimezaliwa Mwananyamala kwenye nyumba ya muziki. Mshua alikuwa gita la ridhimu kwenye bendi moja ya dansi hapa mjini (jina nalikalia, wazee wenyewe wengine bado wapo na wajukuu zao wako humu), bi mkubwa aliimba taarab mpaka alipomzaa kaka yangu, ba'mdogo ni mtu wa tumba, na kaka ana kistudio chake Sinza, chumba kimoja magodoro ukutani feni hairuhusiwi kuwashwa wakati wa kurekodi kwa hiyo ukitoka mle umeoga bila maji.

Mshua akitunga wimbo alikuwa hamwimbii mtu ila mama, na alikuwa anamvizia mama akiwa anachambua mchele. Anavuta kigoda karibu na sinia anaanza kuimba taratibu kama hataki. Mama akiendelea kutoa mawe, wimbo umekufa. Mama kidole kikisimama kwenye sinia, wimbo una maisha. Mi nimekaa pale mlangoni utoto wangu wote, nyimbo nilizoziona zinafia kwenye lile sinia ni nyingi kuliko nilizokuja kuzisikia redioni.

Sasa 2019 mshua alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukagoma. Kwa mpiga gita ndo mkono wa kubonyeza nyuzi huo. Anaongea vizuri, anaimba, ila gita analiangalia tu. Siku moja natafuta vyeti vyangu kwenye sanduku la bati nikakuta kaseti, nyingine zimeota ukungu, moja ikakubali kucheza. Ni mshua anaimba peke yake na gita, wimbo wa mtu amechelewa pale Feri, kwenye kivuko cha Kigamboni:

*Pantoni limeshafunga mlango, mkono wako sijauona*
*Nimebaki na tiketi yangu, na jua nalo linaondoka*

Beti moja hilo, halafu anahamahama, anakohoa, kaseti inakata. Nilikaa nao miezi. Nikaongeza beti la pili na la tatu, nikatengeneza kibwagizo, kaka akarekodi, mwaka jana tukautoa. Kwenye mtunzi nikaandika mimi na baba. Mwezi wa kwanza uliingiza dola nne na senti, tukacheka tukanunua chipsi.

Afu watu wakaanza kuuweka kwenye video zao za pantoni, wanavuka Kigamboni na mizigo na pikipiki huku mimi naimba. Mwezi uliopita nikapigiwa na watu wa matangazo wanautaka kwa tangazo, milioni mbili na nusu. Wametuma karatasi inauliza kitu kimoja tu, MMILIKI WA WIMBO ASAINI HAPA.

Hapo ndo nyumba ilipowaka. Ba'mdogo anasema kibwagizo ni chake cha tangu 1987, kilifanyiwa mazoezi bendi nzima ikiwepo. Kaka anasema studio ni yake, umeme wa Luku alinunua yeye, hakunitoza hata mia, kwa hiyo masta, yani rekodi yenyewe, ni yake. Mama kanyamaza na mama akinyamaza ni mbaya. Mshua namuuliza baba huu wimbo wa nani, ananijibu "wa bendi". Bendi yenyewe ilishakufa! Na mi kibwagizo naapa nimekitunga mwenyewe, nilikuwa naosha vyombo kikaja.

Watu wa tangazo wanataka jibu Ijumaa. Wenye uzoefu nisaidieni, wenye matusi pia karibuni ila muwe wastaarabu kidogo.

Msela wa Sinza

Yani milioni mbili na nusu ukoo mzima mnatoana macho? Gawaneni mle kuku maisha yaendelee. Mi nilidhani ni mia mbili.

Mkaa Pembeni

Nimekaa paleee kwenye kona nawasubiri wajuzi. Ila hiyo ya sinia la mchele dada umenikumbusha bibi yangu.

Fundi Miksa

Dada usisaini kitu. Narudia, USISAINI.

Mnagombania vitu viwili mkidhani ni kimoja. Kuna UTUNZI, yani maneno na sauti, hata ukiimba bafuni bado ni utunzi. Na kuna REKODI, ile masta aliyoitengeneza bro wako. Ukienda kwa mtu mwingine ukaurekodi upya wimbo uleule, utunzi ni uleule ila rekodi ni nyingine kabisa, ndo maana hata ile namba ya ISRC uliyopewa na wasambazaji, zile herufi na tarakimu 12, ni ya rekodi, haihusiani na nani katunga. Mwenye tangazo anahitaji ruhusa zote mbili, hiyo karatasi ya "mmiliki asaini" imeandikwa na mtu mvivu au mjanja sana.

Kwa hiyo ba'mdogo na mshua na wewe mnabishana upande wa utunzi. Kaka yuko upande wa rekodi na sio kwamba yote ni yake, sauti na gita ni zako. Kama hamkuandikiana kabla ya kuingia booth ndo shida hii sasa, nawalaumu wote wawili ila yeye zaidi maana ni produza anajua. Mi kwangu msanii hagusi maiki kabla hatujajaza karatasi ya mgao, nani katunga asilimia ngapi, nani ana masta. Ndugu ndo kabisaaa, ndugu nampa kalamu kabla ya maji ya kunywa.

Swali: kaka kapiga vyombo mwenyewe au kuna lupu, yani kipande cha muziki kilichokwisha kurekodiwa na wengine, kachukua mtandaoni? Maana kama kuna lupu ya watu humo, tangazo likirushwa utapigwa madai.

BintiRidhimu

Fundi Miksa asante sana. Lupu hamna, ni gita langu, besi kapiga kaka kwenye kinanda, na shekeri ni chupa ya maji yenye mchele ndani (mchele tena). Masta na kaka nadhani tutaelewana, hasira zake ni za Luku tu.

kicheko_cha_usiku

Watoto wa wasanii bana. Mnabebwa na majina halafu mnakuja kulia humu. Sisi wengine baba zetu walikuwa mafundi seremala, nani atanipa tangazo?

BintiRidhimu

kicheko ndugu yangu jina lipi la kunibeba? Ukimtaja mshua Magomeni labda wazee watatu wanyanyue kichwa, tena mmoja atasema "yule bado ana deni langu". Nikikuhadithia huko kubebwa utaomba baba yako abaki seremala, angalau yeye kitanda akikiuza anajua kimeuzwa.

Juzi juzi tumepanda bajaji na mshua kutoka kliniki, dereva kaweka zilipendwa kwenye simu. Linaanza tangazo la unga, afu linaingia gita. Mshua akakaza shingo. Ni yeye! Ridhimu yake, kwenye ile sehemu wimbo unapoanza kuchemka. Nikamwomba dereva simu nikaangalia, chaneli ya mtu hatumjui, kapandisha nyimbo za bendi kibao, watazamaji wamejaa. Mshua hakuuliza hela. Aliuliza "mbona wameharakisha?" maana mtu kaigeuza kutoka kwenye kanda inakimbia kidogo, sauti zote zimepanda nusu ngazi. Njia nzima mpaka Mwananyamala analalamikia spidi.

Mimi na chaneli yangu nimefikisha wafuatiliaji 1,000 kwa kubembeleza hadi mashangazi, ila zinatakiwa na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka na hizo bado sana, kwa hiyo hata shilingi YouTube hawajanilipa.

Mkaa Pembeni

Sasa dada unaishije? Sio kwa ubaya, nina mdogo wangu anataka kuacha kazi ya duka awe kama wewe.

BintiRidhimu

Mwambie asiache duka kwanza.

Mi hela yangu inatoka hotelini. Alhamisi na Jumamosi napiga na wenzangu wawili, saa nne mfululizo, laki na nusu tunagawana watatu, ukitoa nauli ya bodaboda ya kurudi usiku na gita mgongoni inabaki ya mboga. Na pale hupigi zako, unapiga kopi. Mzungu anataka Malaika, mbongo anataka bongofleva ya wiki hii, meneja anataka msiwe na kelele. Za kwangu nazichomeka mbili saa tano wakati watu wanaomba bili. Kuna hoteli moja hawajatulipa tangu mwezi wa Ramadhani, kila ukienda mhasibu katoka kidogo, nimeanza kuamini huyo mhasibu hayupo.

Zamani nilikuwa deiwaka, mpiga gita wa bendi akiumwa napigiwa mimi saa kumi naenda saa mbili usiku kupiga nyimbo ishirini ambazo nusu sijawahi kuzipiga. Pale ndo kuwa mtoto wa nyumba ya muziki kunasaidia, sikio tu. Mshua alikuwa ananifunika macho anapiga kodi (nyuzi kadhaa kwa pamoja) ananiuliza amebonyeza wapi. Nikikosa hanipigi, ananinyima gita siku nzima, afadhali angenipiga.

Kicheni pati na sendofu zinalipa vizuri kuliko hoteli, ila hizo za msimu, na MC akichelewesha ratiba unaimba watu wameshaanza kubeba vyakula.

Redioni nilienda mara moja, mtangazaji akaniambia wimbo mzuri dada ila vijana wa ndani wanahitaji soda. Nikamuuliza soda bei gani akaniambia laki tatu. Soda ya laki tatu nadhani inakuja na ng'ombe.

Fundi Miksa

Hahaha soda na ng'ombe. Na majukwaa ya muziki mtandaoni nako mwambie huyo mdogo wake ajue, Spotify tangu 2024 wimbo usipofika kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Watu wanapandisha nyimbo kumi kwa mwaka zote zinaishia mia tatu mia nne, jumla sifuri.

Zilipendwa Namba 9

Binti yangu, nimesoma yote mpaka hapa na miwani yangu. Nami nilipuliza domo la bata, saksafoni hiyo, miaka kadhaa mjini hapa kabla mapafu hayajanikataa, kwa hiyo nisikilize.

Usimcheke baba yako aliposema wimbo ni wa bendi. Hajachanganyikiwa. Sisi tulikuwa waajiriwa. Nuta Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, chama kikibadili jina na bendi inabadili, ikawa Juwata, ikawa Ottu, ndo hiyo Msondo Ngoma mnayoijua. Urafiki ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima, Kimulimuli ya JKT, Polisi nao wana yao, Mlimani Park ilianza 1978 ikaja kuwa chini ya DDC. Vyombo vya mwajiri, sare za mwajiri, mshahara mwisho wa mwezi. Ukihama unatoka na koo lako tu. Marehemu mzee Gurumo alitoka Nuta kaenda Mlimani Park, 1985 kaenda bendi ya Safari Sound wakaja na mtindo wa Ndekule, mwisho karudi Msondo, na kila alipohama alikuwa anaanza kutunga upya kwa sababu za nyuma zimebaki nyuma.

Gita lenyewe lilikuwa halichukuliwi nyumbani. Mwenye lake la nyumbani uzi ukikatika miaka ile ya themanini maduka hayana kitu, unatafuta waya wa breki ya baiskeli unaufumua unatoa uzi mmoja unaufunga. Unakata vidole hasa. Muulize baba yako akuonyeshe kovu.

Kurekodi ni Redio Tanzania, mnaingia bendi nzima mnapiga live, mkikosea mnarudia wote mwanzo, mkitoka kanda inabaki pale. Sahani zilikuwa zinatengenezwa Nairobi. Mtunzi anachopata ni kutajwa na mtangazaji, na kutajwa ilikuwa kitu kikubwa, mtaani ulikuwa hununui sigara wiki nzima.

Sasa kuhusu kibwagizo. Mtunzi alikuwa anakuja mazoezini na maneno na sauti, mara nyingi beti tu kama hilo la kwenye kaseti yako. Mpiga solo anatafuta njia yake, besi yake, waimbaji wanagawana sauti, tumba anatafuta pa kukaa. Na kibwagizo mara nyingi kilikuwa kinazaliwa pale pale, mtu mmoja ametania, wenzake wamedaka. Redioni atatajwa mmoja. Kwa hiyo ba'mdogo wako anaweza kuwa anasema kweli na wewe ukawa unasema kweli. Usimwite mwongo kabla hujamsikiliza.

BintiRidhimu

Shikamoo mzee wangu. Kovu lipo, kidole cha shahada. Alituambia ni kisu.

Zilipendwa Namba 9

Marahaba binti. Kisu, ehee.

Na lingine, usikasirike. Ukoo wa mwanamuziki wa dansi hauishii Mwananyamala. Tulikuwa tunapiga ziara mikoani wiki sita sita.

BintiRidhimu

Mzee wangu hilo tunalijua. Morogoro wawili, Tabora tunasikia sikia.

Wakili wa Vichochoroni

Mzee kagusa penyewe. Naweka upande wa sheria kwa kifupi, mimi sio wakili wako dada, chukua kama maongezi ya kijiweni.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999. Haki inaanza pale kazi inapotungwa, hata usipoisajili. Kusajili Cosota, wale wa hakimiliki, kunakupa ushahidi, sio kwamba ndo kunakupa haki. Na inadumu uhai wote wa mtunzi pamoja na miaka 50 baada ya kufariki. Maana yake beti la mshua, Mungu ampe umri mrefu, siku akiondoka linaingia kwenye mirathi kama kiwanja, na hao wa Morogoro na Tabora wana sehemu. Kwa hiyo andikeni sasa ivi mzee akiwa hai na anaongea, kwa kinywa chake, mashahidi wawepo.

Kazi ya pamoja ambayo huwezi kutenganisha nani kafanya nini inahitaji wote wakubali. Ukisaini peke yako na ba'mdogo akaja kuthibitisha kibwagizo, watu wa tangazo watakurudia wewe maana utakuwa umewahakikishia wimbo ni wako.

Na usikae ukisubiri Cosota ikukusanyie hela. Tangu 2022 imebadilika kutoka chama kuwa ofisi ya hakimiliki, kukusanya na kugawa mirabaha kumeachiwa taasisi zenye leseni, jiunge huko. Usajili wa Basata, Baraza la Sanaa, unao?

BintiRidhimu

Basata ninao. Cosota niliusajili kwa majina mawili, langu na la baba. Kaseti ninayo, nimeificha kwenye unga.

Msela wa Sinza

Kwenye unga?? Dada kaseti na unga wapi na wapi.

BintiRidhimu

Mfuko wa nailoni kwanza jamani.

mama_kwaya

Mi naomba nitofautiane na kicheko kule juu. Watoto wanaofuata wazazi kwenye muziki wanapewa mzigo, mnaona tu jina. Banana na marehemu Maunda Zorro, baba yao mzee Zahir, kila walipopanda jukwaani watu walikuwa wanasikilizia kama wanafanana na baba. Kule Zanzibar Siti Muharam ni kitukuu cha Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay 1928, wewe fikiria unapanda jukwaani na hilo nyuma yako. Ukiimba tofauti umepoteza asili, ukiimba sawa huna jipya.

Dada we mama yako kasemaje? Umesema kanyamaza. Muulize mama.

kicheko_cha_usiku

Sawa mama nimekubali. Ila nauliza tu, huo wimbo unapatikana wapi, na mshua anaumwa kweli? Mi baba yangu pia kiharusi, 2021.

BintiRidhimu

kicheko pole sana ndugu yangu, nimekufuata inboksi.

Wakuu nimeita kikao Jumapili mchana. Watu wa tangazo nimewaambia Ijumaa haiwezekani, wamesema sawa kwa ile sauti ya mtu anayefunga faili. Nitaleta mrejesho.

Mkaa Pembeni

Jumatatu sasa. Mrejesho? Nimeacha kazi za watu hapa.

BintiRidhimu

Nipo wakuu, nilikuwa sijui nianzie wapi.

Walikuja wote. Ba'mdogo alikuja amevaa kanzu kama anakuja kuposa, na tumba lake hakuleta kwa sababu ngozi imechanika, kachukua ndoo ya nyumbani ile ya lita ishirini kaipindua. Kaka kaweka simu mezani inarekodi. Nikasema kama alivyoshauri wakili humu, baba aimbe mwenyewe kuanzia mwanzo, na sisi tusimsaidie.

Mshua kaimba beti. Kwenye kaseti pale anapokohoa na kuhamahama mi nilidhani kasahau. Jana alipofika pale pale hakukohoa. Aligeuza uso akamwangalia ba'mdogo, akasubiri. Akasubiri tu, kama mtu aliyefika mlangoni anangoja afunguliwe. Na ba'mdogo akaingia, mkono kwenye ndoo na sauti juu, na wakuu kilichotoka ni kibwagizo changu. Changu kabisa, yani kile nilichotunga naosha vyombo. Maneno tofauti, ya kwao yanasema "vuka vuka bibi, maji yasikutishe" ya kwangu hayako hivyo, ila sauti ni ileile, mpaka pale inaposhuka mwishoni ambapo mimi nilijisifia mwenyewe kwamba hapa nimetisha.

Nikapata kijasho. Nikamuuliza mama, hiki mi nimekisikia wapi? Ndo mama akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu sakata lianze. Anasema ba'mdogo aliishi kwetu mimi nikiwa sijaanza shule, alikuwa anafua uani kila Jumamosi na alikuwa hafui bila huo wimbo, na mimi nilikuwa nakaa kwenye beseni la pili. "Ulikuwa unaitikia," mama anasema. "Hukuwa unajua kusema pantoni, ulikuwa unasema pato."

Mi sikumbuki beseni. Sikumbuki kabisa. Na usiku nimelala nahesabu nyimbo zangu zingine zote, kumi na nne nilizotoa, najiuliza ipi ni yangu na ipi ni ya beseni.

Zilipendwa Namba 9

Aisee.

Fundi Miksa

Dah. Mgao mmefikia wapi?

BintiRidhimu

Utunzi baba 50, mimi 30, ba'mdogo 20. Ba'mdogo alikuja anataka nusu, baada ya kuimba akasema hata kumi inatosha, mi nikakataa nikamwandikia ishirini. Rekodi mimi na kaka nusu kwa nusu na Luku yake narudisha. Tumeandika kwenye daftari la vikoba la mama, wote wamesaini, mshua kasaini kwa mkono wa kulia, mjumbe na jirani mashahidi. Cosota naenda wiki hii kurekebisha majina. Wa Morogoro nimewapigia, mmoja kafurahi mwingine kauliza tangazo la nini.

Mama tulimpa asilimia akakataa. Kasema anataka gunia la mchele wa Kyela, usio na mawe hata moja, amechoka.

Watu wa tangazo wamerudi. Sasa sio mbili na nusu, ni moja na laki nane, na malipo siku sitini baada ya tangazo kuanza.

Wakili wa Vichochoroni

Siku sitini ya nini? Omba nusu kabla. Na waandike muda, miezi mingapi, redio au na TV na mtandaoni. Wasikuwekee "milele".

Fundi Miksa

Na mistari miwili ya sahihi, utunzi na rekodi. Umeshasaini?

BintiRidhimu

Bado. Nimewarudishia na hayo mliyosema, mkataba uko hapa chini ya redio. Na mshua naye ana sharti lake, anataka kwanza wimbo urekodiwe upya, tumba la kweli liwepo na ba'mdogo aimbe chake. Ngozi ya tumba tunaitafuta Buguruni kesho. Mi tangu asubuhi kanikalisha barazani na gita, anasema kodi ya tatu naibonyeza kama nafungua soda.